Kupanga njama yenye ngazi: somo kwa waendesha mchezo

Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde ni gogo moja la mpingo, watu wamepandana, huyu kamshika mguu yule, hadi kileleni. Ukiendesha mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao wewe unatunga kisa, wachezaji wanaigiza wahusika na dadu linaamua matokeo, njama ya maadui katika kisa chako iwe hivyo: ukimgusa wa chini, umeshalishika gogo lililombeba wa juu. Nimeendesha visa vya namna hii na wenzangu hapa Mikindani kwa misimu kadhaa, na kilichoniangusha mara nyingi ni kuficha kupita kiasi. Njama ya mchezoni inatungwa ili ifichuliwe.

Hatua ya kwanza: anza na wa chini

Mfalme wa giza atasubiri. Mtunge kwanza mtu ambaye wachezaji watakutana naye sokoni kikao cha kwanza, umpe shida inayoeleweka. Huku kwetu nani asiyemjua kangomba, anayemfuata mkulima mwenye njaa kabla ya msimu na kununua korosho ingali mtini kwa bei ya kutupa? Katika mji wangu wa kubuni, kisiwani, kangomba ananunua vivuli. Mvuvi anauza kivuli chake kwa debe la mtama, na wiki tatu baadaye hakuna anayelikumbuka jina lake, hata mkewe. Kangomba huyu si katili. Kivuli cha binti yake kiko rehani, na ameahidiwa kurudishiwa akishaleta vivuli mia moja.

Hatua ya pili: panda ngazi moja moja

Kila ngazi jiulize: nani anamlipa huyu, naye anadhani analipia nini? Kangomba analipwa na mwenye ghala, anayeamini vivuli vinawasha mnara unaoongoza majahazi. Mwenye ghala anamtumikia liwali, anayejua kwamba kweli vinalishwa kitu kilicholala kisimani chini ya husuni, kisije kikaamka. Juu ya liwali yuko mama wa sultani. Yeye ndiye aliyekiweka kisimani, maana ni mwanawe wa kwanza.

Angalia kwamba kila mmoja ana sababu anayoweza kuitaja mbele ya watu bila kuona haya. Ngazi nne zinatosha. Zikizidi, wachezaji wanaacha kuandika majina. Ukitaka mfano wa kweli wa kiti na mkono unaokalisha mtu kitini, uko hapa mkoa jirani: Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505 walimwondoa Amir Ibrahim, wakamtawaza Mohamed Ankoni.

Hatua ya tatu: acha nyayo

Hapa ndipo kazi ilipo. Dungeons & Dragons, mchezo mashuhuri wa aina hii, ilipotolewa Marekani mwaka 1974, ulikuwa hasa mchezo wa kuingia mapangoni kutafuta hazina, na pango lina milango ya kujaribu. Njama haina milango mpaka uitoboe wewe. Na kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi: dalili unayoiona iko wazi kama mchana, mezani hakuna anayeishtukia.

Kwa hiyo kutoka kila ngazi acha nyayo tatu za aina tofauti. Kutoka kwa kangomba kwenda ghalani nina kibuyu chenye lakiri, mchukuzi anayelipwa kubeba magunia yasiyo na uzito, na ghala ambalo taa inawaka mchana kutwa. Usiufungie ushahidi mkuu nyuma ya dadu. Waupate tu; dadu liamue wameupata kwa gharama gani na nani kawaona.

Hatua ya nne: maadui nao wajibu

Baada ya kila kikao andika sentensi moja kwa kila ngazi: amesikia nini, kafanya nini. Kangomba akikamatwa, mwenye ghala anahamisha mzigo usiku uleule.

Maswali ya wanachama

Swali (Nachingwea): Shikamoo kaka. Wachezaji wangu wamemuua mwenye ghala kikao cha pili, hajasema neno. Kisa kimekufa?

Jibu: Marahaba. Hakijafa, una msiba. Nani kalipia sanda? Nani hakutokea mazikoni? Nani kaulizia funguo za ghala kabla ya arobaini? Msiba mmoja unakupa nyayo kuliko mateka watatu.

Swali (Lindi mjini): Mchezaji mmoja anaweza kuwa ndani ya njama?

Jibu: Anaweza, dada, ila akubali kwanza nje ya mchezo, na akae ngazi ya chini. Niliwahi kumfanya rafiki yangu msaliti bila kumwuliza. Aliumia, akakaa miezi miwili bila kuja. Nilimfuata kwake kumwomba radhi.

Swali (Masasi): Mama wa sultani waliishia kumuua?

Jibu: Hapana. Walishuka naye hadi kisimani, wakamwambia amwite mwanawe kwa jina. Hakulikumbuka.