Jinsi ya kumtafuta babu aliyezama na Khedive Ismail

Kama kwenu kuna mzee ambaye habari zake zinaishia "alienda vita vya Hitla, akapandishwa meli Kilindini, hakurudi", soma hapa taratibu, maana inawezekana kabisa jina lake limeandikwa mahali na nyie hamjui.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya kubeba wanajeshi. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, msafara wa meli tano zikisindikizwa na manowari za Waingereza, ndani ya Khedive Ismail yenyewe mna watu 1,511 na kati yao 996 ni wa mizinga ya Afrika Mashariki, rejimenti ya 301, vijana wetu kabisa hawa, halafu manesi, mabaharia na wengineo. Jumamosi tarehe 12 mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani I-27 ikaipiga topido mbili, yale makombora yanayopita chini ya maji. Ikazama kwa kama dakika mbili tu, yaani ukiwa huko chini hata ngazi hujaifikia. Wakapona wanaume 208 na wanawake 6, wengine wote 1,297 wakaenda nayo.

Sasa kabla hujashika simu, kaa na wazee kwanza. Uliza majina yake yote, la nyumbani, la dini, la utani, la baba yake, na alijiandikisha wapi, na kama alikuwa Keya (King's African Rifles, askari wa miguu) au mizinga. Omba kuangalia sanduku la zamani pia, barua au medali inaweza kuwa na namba yake ya jeshi, na hiyo namba ina nguvu kuliko jina. Sisi tulihangaika sana na kaka yake bibi kwa sababu tulikuwa tunatafuta jina la ubatizo, kumbe jeshini alijiandikisha kwa jina la babu yake.

Ukishapata hayo ingia kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, cwgc.org, ni bure. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanaanza na jina, wanakosa, wanakata tamaa. Usianze na jina! Weka tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, na kikosi East African Artillery, itakuja orodha ndefu, halafu soma majina kwa sauti moja baada ya jingine. Nasema kwa sauti kwa sababu karani aliandika alivyosikia, l ikawa r, herufi ikaongezwa, jina likakatwa vipande viwili, macho yatalipita lakini sikio litalishika. Ukiwa na mzee pembeni ndo vizuri zaidi.

Ukimpata, nakili namba yake na sehemu ya mnara lilipo jina. Kaburi usitafute, bahari ndo iliwachukua. Hawa wa mizinga majina yao yako kwenye mnara wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita Nairobi, barabara ya Ngong.

Usipomuona usikate tamaa, labda hakuwa meli hiyo. Wengi walifika salama wakaenda kupigana Burma, na wasio na kaburi kule wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, uko Taukkyan. Ila kama mzee wenu alikuwa mpagazi wa vita vya kwanza, wale wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, hapo ni kazi ngumu kwelikweli, wengi wao hawakuandikwa jina popote na mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna jambo moja lisome peke yako kwanza kabla hujawasomea wazee. Meli ilipozama watu walikuwa wanaelea wanasubiri kuokolewa, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari mbili, Paladin na Petard, zikadondosha mabomu ya kulipukia majini palepale, kwa sababu meli nyingine nne za msafara zilikuwa bado hatarini. Baadhi ya waliokuwa wanaogelea walikufa kwa mabomu hayo. Nyambizi ikalazimika kuibuka, Paladin ikaigonga, na mwisho Petard ikaimaliza kwa topido. Wakikuuliza waambie ukweli, usipambe, ila usianze na hilo.

Halafu kile cheti cha kumbukumbu chenye jina lake, unachokipata kwenye tovuti hiyo ya cwgc.org, kichapishe kwenye karatasi, usiwaonyeshe kwenye simu. Bibi yetu hajui kusoma, alipopewa ile karatasi akauliza tu jina liko mstari gani, tukamuonyesha, akaweka kidole pale na hakukitoa mpaka chai yake ikapoa.