Klorini ipi itang'oka kwanza? Kutabiri kwa penseli na karatasi

Tuchukue heksaklorobenzeni (pete ya kaboni sita, kila moja imebeba klorini), dawa ya zamani ya kukinga mbegu za ngano dhidi ya ukungu. Huko Uturuki, miaka ya 1950, watu walikula mbegu zilizopakwa dawa hii na watoto wachanga wengi wakafa. Bado imo kwenye matope ya mito mingi yenye viwanda, mahali pasipofika oksijeni. Humo kuna bakteria wanaoipumua: huchukua elektroni za haidrojeni, wakazitua kwenye molekuli ya sumu. Klorini moja hung'oka, haidrojeni ikakaa mahali pake.

Hatua ya 1. Jua nani anaishi topeni. Wengi huiruka hatua hii, na utabiri wote huharibikia hapa. Mimi namtumia bakteria *Dehalococcoides mccartyi*, wa aina iitwayo CBDB1, ambaye asili yake ni tope la mto Saale, Ujerumani.

Hatua ya 2. Chora pete ya pembe sita, kila pembe ni kaboni; zipe pembe namba 1 hadi 6, uweke klorini zako. Kando ya kila klorini andika ina majirani wangapi wenye klorini: wawili, mmoja au hakuna.

Hatua ya 3. Futa yenye majirani wawili. Ikikosekana, futa yenye mmoja. Iliyo peke yake CBDB1 haigusi. Klorini huvutana elektroni, hivyo iliyobanwa katikati ya wenzake ndiyo hubaki na chaji chanya zaidi, na ndiyo iliyo rahisi kung'olewa.

Hatua ya 4. Rudia, na hapa usiwe na haraka. Heksaklorobenzeni hutoa pentaklorobenzeni (klorini tano, namba 1 hadi 5; namba 6 ina haidrojeni), hakuna ubishi. Kisha njia hugawanyika. Ukifuta klorini ya katikati kabisa, namba 3, unabaki na klorini kwenye namba 1,2,4,5. Hiyo huenda 1,2,4, halafu diklorobenzeni (klorini mbili), hasa 1,4. Ukifuta namba 2 badala yake, unapata pete ambayo, ukiipanga namba upya, ni 1,2,3,5. Nayo hutoa 1,3,5. Itazame vizuri hiyo ya mwisho: kila klorini imekaa peke yake. CBDB1 anaishia hapo, na sumu ingalipo.

Hatua ya 5. Pima kwenye chupa zilizozibwa, pamoja na chupa ya kulinganishia ambayo bakteria wake wameuawa kwa joto. Hesabu kwa moli, yaani kwa idadi ya molekuli, tafadhali, si kwa miligramu. Moli moja ya heksaklorobenzeni ina gramu 285, ya triklorobenzeni (klorini tatu, kama 1,3,5) ina 181. Anayehesabu kwa uzito atatangaza kwamba zaidi ya theluthi ya sumu imetoweka, wakati hakuna pete hata moja iliyovunjwa.

Ukiona diklorobenzeni nazo zinapungua, rudi hatua ya 1: yumo mwingine, pengine *Dehalobacter*. Baadhi yao hufika hadi benzeni yenyewe, ambayo husababisha saratani. Iongeze benzeni kwenye orodha ya vipimo siku hiyo hiyo.