Kupaka asidi ya hayaluroniki bila kuishia na uso unaobana

Wiki iliyopita mdogo wangu alinijia na malalamiko ninayoyajua vizuri: kanunua seramu (kimiminika chepesi cha kupaka usoni kabla ya krimu) ya asidi ya hayaluroniki, anaipaka asubuhi na usiku, na uso unazidi kukauka. Nilicheka, maana hata mimi niliwahi kuilaumu chupa wiki tatu nzima kumbe kosa lilikuwa langu. Nikamwandikia hatua hizi.

Kwanza, neno "asidi" lisikutishe. Hii haibambui ngozi kama zile asidi za kuondoa seli zilizokufa. Ni molekuli ndefu ya jamii ya sukari ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban gramu 15, na karibu nusu yake iko kwenye ngozi. Kazi yake ni kushika maji. Nasema kushika, si kuleta, na shida yote ya mdogo wangu ilianzia hapo.

Hatua ya 1: Chagua chupa

Geuza chupa usome viambato. Mara nyingi utakuta sodium hyaluronate, ambayo ni chumvi ya asidi hiyohiyo, kwa hiyo usidhani umeuziwa kitu kingine. Ukiona hydrolyzed mbele ya jina, ujue molekuli zimekatwa ziwe ndogo. Zile kubwa hubaki juu ya ngozi, ndogo hupenya kidogo zaidi. Usikimbilie chupa inayojisifia asilimia kubwa ya asidi hii. Seramu nzito sana hunata tu. Yenye manukato mimi siigusi. Na kama bajeti inabana, losheni nzuri yenye glisirini nayo hushika maji vizuri, wala usione haya kuitumia.

Hatua ya 2: Nawa uso

Maji ya vuguvugu, sabuni laini ya uso. Basi.

Hatua ya 3: Paka uso ukiwa bado na maji

Hapa ndipo nilipopoteza zile wiki tatu. Nilikuwa nanawa, najifuta kwa taulo mpaka ngozi inakauka kabisa, navaa, ndipo nakumbuka seramu. Halafu nashinda kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kufika saa nane mchana nikitabasamu nahisi mashavu yanavutwa.

Seramu hii inahitaji maji ya kushika. Ukiipaka kwenye ngozi kavu, tena hewa nayo ikiwa kavu, maji ya karibu yanayobaki ni yale ya ndani ya ngozi yako. Yakivutwa juu na hakuna cha kuyazuia, yanapotelea hewani.

Kama huniamini, jaribu mikononi. Lowesha mgongo wa mkono mmoja, mwingine uache mkavu, kisha weka tone moja moja. Kwenye mkono mkavu tone hunatanata na kuacha utando unaovuta ngozi. Kwenye ule wenye maji huteleza na kutandaa.

Lakini unyevu si kuchuruzika. Maji yakidondoka kidevuni, seramu inaondoka nayo. Gusisha taulo mara moja, usisugue, ngozi ibaki inang'aa kwa maji. Matone mawili au matatu yanatosha uso na shingo. Ukizidisha, ukija kupaka krimu juu yake utaona vipande vyeupe vinajiviringisha kama uchafu wa kifutio. Huo si ubovu wa krimu, ni seramu iliyozidi. Na ukichelewa uso ukakauka, nyunyiza maji upya. Usipake tu kwa kuwa umeshafungua chupa.

Hatua ya 4: Funika

Usisubiri ikauke. Ndani ya dakika moja paka krimu yako ya kawaida. Seramu bila krimu ni sufuria bila mfuniko: mvuke wote unakwenda. Usiku, kama ngozi yako ni kavu sana, ongeza petroli jeli nyembamba juu ya krimu sehemu zinazopauka. Watu huidharau kwa sababu ni bei rahisi, ila kwa kuzuia maji yasitoke sijaona cha kuishinda. Mwenye chunusi aendelee na krimu nyepesi.

Hatua ya 5: Asubuhi, malizia na losheni ya kukinga jua

Hii haina mjadala.

Utaona uso umejaa na mistari midogo imepungua siku hiyohiyo. Ni kwa sababu tabaka la juu limelowa maji. Ukiacha kupaka, mistari inarudi. Makunyanzi yaliyokomaa hayaondoki kwa hii. Unaweza kuitumia pamoja na vitamini C au retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka) bila shida. Ila ikikuchoma kila ukipaka, usivumilie ukisema "inafanya kazi". Iache, nenda na krimu peke yake siku kadhaa, na ngozi ikishatulia ndipo urudi kusoma viambato vingine vya ile chupa.