Kuchagua mfumo wa kilimo bila udongo nyumbani

Anayetaka kulima mboga bila udongo kwa kawaida huanza kulinganisha bei za vifaa, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni hili: umeme ukikatika saa sita mchana, mizizi itaendelea kupata maji na hewa hadi lini?

Mabomba yaliyolazwa kwa mteremko, ambamo maji membamba yenye virutubisho hupita chini ya mizizi, hupendeza macho na hayali nafasi. Hata hivyo hayana akiba ya maji, na pampu ikisimama katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, saladi hunyauka ndani ya saa chache. Asiye na betri ya akiba simshauri kuyanunua, sembuse mfumo wa kunyunyizia mizizi ukungu, ambao matundu yake huziba upesi.

Kwa mboga za majani, njia iliyoenezwa na B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii haihitaji umeme kabisa. Ndoo hujazwa maji ya virutubisho mpaka yaguse kitako cha kikombe chenye matundu, kinachoshikilia mche kwenye mfuniko. Kadiri mmea unavyokunywa, maji hushuka na kuacha uwazi ambamo mizizi ya juu hupumua. Ndiyo maana ndoo haipaswi kujazwa tena hadi juu, kwani mizizi iliyokwisha kuzoea hewa itazama na kuoza. Ndoo isipitishe mwanga, la sivyo mwani utaota. Ikae kivulini, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Na kila tundu lizibwe, mbu wasije wakataga humo.

Nyanya na pilipili hoho hunywa sana na huhitaji pa kujishikiza, hivyo zinafaa kupandwa katika ndoo za vumbi la makumbi ya nazi, ambalo hutunza unyevu hata ukimwagilia kwa kopo. Lisuuzwe kwanza mara kadhaa, hasa la pwani, kwa sababu huwa na chumvi.

Maji yenyewe nayo yapimwe kabla ya kununua chochote. Baada ya kutia virutubisho, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya kisima yakiwa na chumvi nyingi, yachanganywe na ya mvua, au uanze na spinachi, ambayo huvumilia chumvi kuliko saladi.