Kuandika tasnifu sehemu baada ya sehemu: anzia sura ya tatu

Mwanafunzi anarudi Mtwara mjini kutoka Tandahimba na madodoso ya wakulima wa korosho, anafungua kompyuta, anaandika "Utangulizi". Mwezi mmoja baadaye bado yuko sura ya pili, maana machapisho hayaishi kusomwa. Tasnifu husomwa kuanzia sura ya kwanza, lakini haiandikwi hivyo.

Hatua ya 1: mifupa. Katika faili moja, weka vichwa vya sura zote tano, na chini ya kila kichwa kidogo sentensi moja inayosema sehemu hiyo inajibu swali gani. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word. Kichwa ulichokikoleza kwa mkono hakiingii kwenye orodha ya yaliyomo inayojitengeneza yenyewe.

Hatua ya 2: mbinu za utafiti (sura ya tatu). Iandike ungali kijijini, kumbukumbu ikiwa mbichi. "Nitatumia" ya kwenye pendekezo iwe "nilitumia", lakini usiishie kwenye vitenzi. Ulipanga 120, madodoso 2 hayakurudi? Sema papo hapo kwamba yaliyochambuliwa ni 118. Sura ya tatu ikisema 120 na ya nne 118 bila maelezo, mtahini atakubana, na ana haki.

Hatua ya 3: matokeo (sura ya nne). Hapa ndipo penye kazi. Kila lengo mahususi lipate sehemu yake, malengo matatu sehemu tatu. Tengeneza jedwali kwanza, kisha aya. Tuseme lengo linahusu kuchelewa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Sentensi ya kwanza itoe jibu: "Nusu ya waliohojiwa (59 kati ya 118) walisema salfa iliwafikia mikorosho ikiwa imeshachanua." Ya pili ionyeshe tofauti kati ya kijiji na kijiji. Ya tatu ilete sababu, kwa maneno ya wakulima wenyewe kutoka kwenye usaili. Ya nne ilinganishe na watafiti waliotangulia, wakiwemo wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara. Usisimulie jedwali zima tarakimu kwa tarakimu, msomaji analiona.

Hatua ya 4: mapitio ya machapisho (sura ya pili). Sasa unajua unachotafuta, kwa sababu zile sentensi za nne zimekwisha kukuonyesha. Baada ya hapo andika sura ya tano (hitimisho), kisha ya kwanza. Ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu nzima, ndiyo ya mwisho kabisa.

Mpelekee msimamizi sehemu moja moja, ukiambatanisha maswali mawili mahususi. Ukimpa kurasa 90 kwa mkupuo, utasubiri sana, na kosa la sura ya tatu litakuwa limeshaenea hadi ya tano.

Usiinuke mezani sehemu ikiwa imefungwa kabisa. Andika kwa mabano sentensi inayofuata, hata kama ni mbovu, ili kesho uanzie hapo. Kisha hifadhi nakala yenye tarehe kwenye jina la faili na ujitumie kwa barua pepe. Flashi iliyopita kwenye kompyuta za stesheneri huokota virusi.