Jinsi ya kuandika wasifu wa mwanasayansi mwanamke mtandaoni

Anza na kazi yake. Kila ninapohariri wasifu wa mwanasayansi, sentensi ya kwanza huisoma peke yake na kujiuliza: nimeshajua mtu huyu aligundua au alitengeneza nini? Wasifu wa wanawake hukwama hapo mara nyingi mno, na jambo hilo linaniuma.

Machi 2013, New York Times lilipoandika tanzia ya Yvonne Brill, mhandisi wa roketi, lilianza na umahiri wake wa kupika nyama, likaendelea na jinsi alivyomfuata mumewe kutoka kazi moja hadi nyingine, na miaka minane aliyokaa nyumbani kulea watoto. Mama huyu ndiye aliyebuni mtambo mdogo wa kusukuma setilaiti ili zisitoke kwenye njia yake! Wasomaji walipokuja juu, mwanzo ukabadilishwa. Basi fanya hivi: futa mume, watoto na mavazi, kisha usome tena. Kama kilichobaki hakitoshi aya moja, rudi ukatafute kazi yake.

Wapo wanaoshauri hata maneno “mwanamke wa kwanza” yaondolewe. Mimi huyaacha yanapobeba historia, ila huyashusha chini. Donna Strickland alipata Nobel ya fizikia mwaka 2018, mwanamke wa tatu baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Msomaji anastahili kujua hilo, lakini kwanza aambiwe kuhusu mbinu ya kuzalisha mapigo ya leza mafupi yenye nguvu kubwa.

Strickland anatufundisha pia kuhusu vyanzo. Mei mwaka huohuo, rasimu ya makala yake ilikataliwa Wikipedia kwa madai kwamba vyanzo havikuonyesha umuhimu wake, ingawa mwaka 2013 alikuwa rais wa chama cha wanasayansi wa mwanga, Optical Society. Kwa hiyo kusanya ushahidi kabla hujaandika chochote: tuzo, vyeo, na hasa maandishi ya watu wasiofanya kazi naye. Ukurasa wa chuo chake pekee hautoshi.

Kwenye picha, andika majina yote, kutoka kushoto kwenda kulia. Wanawake sita waliopanga programu za ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza, walionekana wazi kwenye picha za miaka ya 1940, lakini Kathy Kleiman, mwanafunzi aliyeziona miongo kadhaa baadaye, alipouliza ni akina nani, aliambiwa ni wanamitindo tu.

Mchango nao uupime sawasawa, usiukuze wala kuupunguza. Aprili 2019, picha ya kwanza ya shimo jeusi ilipotoka, sura ya Katie Bouman, mwanasayansi wa kompyuta kwenye mradi huo, ilisambaa kana kwamba kazi ilikuwa yake peke yake, ilhali kikosi kilikuwa na watu zaidi ya 200. Wenye chuki wakaanza kuhesabu mistari ya programu iliyotumika kuunda picha hiyo na kumpa sifa zote mwenzake kikosini, Andrew Chael. Chael mwenyewe akajitokeza kumtetea, akisema programu ile isingefanya kazi bila Bouman. Taja hasa alichofanya na aliofanya nao. Wabishi watakosa pa kushika.

Ukishachapisha, fungua makala za fani yake, mahali ugunduzi wake unapoelezwa, uweke jina lake hapo pamoja na kiungo. Wasomaji wengi hawatamtafuta kwa jina. Watampata wakisoma kuhusu leza.