SOMO: Kumenya mayai ya kuchemsha yatoke laini, bila mashimo

Wadau wa kusini habari zenu. Minada ya korosho ikianza kila mwenye ndoo anabeba mayai, ila mengine ukiyaona yamechunika mpaka kiini kinachungulia, na mteja hana huruma, anaenda kwa jirani yako. Haya tufuatane.

1. Usichemshe yai la leo. Ute wa yai jipya unang'ang'ania ule utando wa ndani ya ganda. Likikaa siku kadhaa gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka taratibu kwenye vitundu vya ganda, pH ya ute (kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua) inapanda kutoka kama 7.6 mpaka 9 hivi, ndo unaachia. Kupima, litumbukize kwenye maji: likilala chini bado jipya, likisimama wima hilo ndo la kuchemsha, likielea tupa usijiulize.

2. Maji yachemke KWANZA ndo uweke mayai. Hapa ndo wengi tunapishana, mtu anaweka mayai na maji ya baridi pamoja anawasha jiko, sasa ute unaiva polepole na unagandana na utando. Joto la ghafla linauwahi. Shusha na kijiko moja moja yasipasuke, punguza moto yasigongane, dakika 11 au 12, ya kienyeji madogo 9 au 10 yanatosha.

3. Toa, tia kwenye maji ya baridi. Maji ya bomba ya Mtwara mchana yana uvuguvugu wake, kwahiyo badilisha mara mbili au nunua barafu.

4. Gonga ganda lote, viringisha kidogo, anzia upande mnene maana pale kuna nafasi ya hewa, menyea ndani ya maji.

MASWALI

Swali: Kaka, mi natia chumvi nyingi, si inasaidia?
Jibu: Kumenya hapana dada. Inasaidia yai likipasuka, ute unaganda haraka hausambai.

Swali: Na magadi?
Jibu: Yanaweza kusaidia kidogo ila ukizidisha ladha inaharibika, mi siyataki.

Swali: Sie wa Newala maji ya shida mkuu, sufuria nzima kwa mayai tu?
Jibu: Basi yapike kwa mvuke! Maji vidole viwili, yakichemka panga mayai juu ya kichujio, funika, dakika 13. Yanamenyeka vilevile na maji unabakiza.

Swali: Kiini changu kina duara la kijani, yameoza?
Jibu: Hapana mama, yamekaa motoni muda mrefu. Madini ya chuma ya kiini yamekutana na salfa ya ute. Yanalika, ila mteja atakuuliza, kwahiyo angalia saa.

Swali: Nimenye usiku nipeleke mnadani asubuhi?
Jibu: Kama huna friji usithubutu, kwa joto la huku. Yachemshe asubuhi hiyohiyo, yaache na maganda, menya mteja akishaagiza.